Rangi ya Kubahatisha

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, darasa la sita lilikuwa na kazi moja: kujaza mapipa mawili ya maji, moja la jikoni na moja la vyooni. Maji yalitoka kwenye pampu ya mkono iliyosimama katikati ya uwanja wa shule, juu ya zege lililoanza kumeguka pembeni. Mmoja alishika ndoo, mmoja alisukuma mpini juu na chini, na waliobaki walipanga foleni huku wakigombana nani amemruka nani.

Msichana aliyekuwa mbele ya foleni siku hiyo alikuwa akiitwa Kiberiti na wenzake, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Ukimgusa kidogo tu anawaka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, mdakaji hodari wa mpira wa pete. Aliishi na shangazi yake, fundi wa kukereza vyuma na plastiki, mwenye karakana ndogo mtaa wa nyuma ya shule. Wiki tatu nyuma, Shangazi ndiye aliyeitengeneza pampu hiyo. Tangu siku hiyo Kiberiti aliihesabu pampu kuwa mali ya ukoo, na yeyote aliyeisukuma vibaya alimwona kama amemtukana yeye.

Kwa siku tatu pampu ilikuwa ikilalamika. Mpini ulikuwa mzito, na kila uliposhuka ulitoa mlio wa kutia ganzi kwenye meno. Asubuhi hiyo zamu ya kusukuma ilikuwa ya Twiga, mvulana mmoja mrefu kuliko baadhi ya walimu. Akasukuma, ndoo ya Kiberiti ikajaa nusu, kisha mpini ukagoma. Akasukuma tena, ukagoma. Basi akaurukia kwa uzito wake wote mpaka miguu ikaacha ardhi. Kitu kikalia ndani, mpini ukateremka nusu, ukalegea upande mmoja kama mkono uliovunjika.

Kiberiti akawaka hapohapo.

"Umeivunja," alisema. "Nimekuona kwa macho yangu mawili. Kila siku unaning'inia hapo kama nguo kwenye kamba."

"Ilikuwa imekwama. Ulitaka niibembeleze?"

Foleni nzima ikacheka, na kicheko kile kikawa mafuta ya taa. Kiberiti akapaza sauti mpaka madirisha ya darasa la kwanza yakajaa vichwa. Akasema Shangazi aliahidi pampu ingefanya kazi mwaka mzima kabla ya kuguswa tena. Akasema imedumu wiki tatu tu kwa sababu ya mtu mmoja asiye na adabu, na kwamba mtu huyo anajulikana kwa urefu wa miguu na ufupi wa akili. Twiga akajibu kwamba labda fundi wao ameweka vitu vibovu. Kabla hajamaliza, maji yote ya ndoo ya Kiberiti yalikuwa kifuani pake.

Hapo ndipo Mwalimu Mkuu alipotokea. Alikuwa mama wa maneno machache, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Akauliza kumetokea nini. Kiberiti akaanza yeye, akaendelea yeye, akamaliza yeye. Twiga alikuwa na tatizo lake: akikasirika maneno humkwama kooni. Alifungua mdomo, akafunga, akafungua tena. Aliyemtazama angedhani anatafuta uongo wa kusema.

Mwalimu Mkuu akahukumu. Kwa kumwagia mwenzake maji, Kiberiti angefagia uwanja siku hiyo. Kwa kuvunja pampu, Twiga angechota maji kwenye bomba la ng'ambo ya barabara, ndoo nne asubuhi na ndoo nne mchana, mpaka pampu itakapofanya kazi tena. Kisha akamgeukia Kiberiti na kumwambia amwite shangazi yake siku hiyohiyo.

"Na mwambie hivi," alisema. "Pampu hii ilikuwa ya majaribio. Shule tatu za jirani zinasubiri neno langu ili zimpe kazi kama hii. Kama ameniwekea vitu vya wiki tatu, nitatafuta fundi mwingine, na wao nitawaambia hivyohivyo."

* * *

Shangazi alifika wakati wa mapumziko akiwa na sanduku la spana, ovaroli yake ya kila siku na penseli nyuma ya sikio. Alikuwa na mabega mapana na mikono ambayo haikuwahi kuharakisha kitu. Mwalimu Mkuu alikuwa kikaoni na walimu, na wanafunzi walikuwa jikoni kwenye foleni ya uji, kwa hiyo pale kwenye pampu walikuwa wawili tu. Kiberiti alisimama karibu, amekunja mikono, akisubiri kuambiwa kwamba mpini umepinda kwa sababu ya Twiga.

Shangazi akalegeza nati, akavuta pini ya chuma iliyoshikilia mpini. Unga mweupe ukamwagika kwenye kiganja chake. Akausugua kwa kidole gumba. Halafu akatoa vipande viwili vya duara, kimoja kilikaa ndani ya kingine, vyote vimechakaa na kuchubuka kama visigino vya mtu anayetembea peku.

"Hakuna mtu aliyevunja kitu hapa," alisema.

Akamwonyesha. Vipande vile vinaitwa bushi. Bushi ya ndani inavaa pini, na ya nje inakaa kwenye tundu la mpini. Mpini ukipanda na kushuka, bushi hizo mbili ndizo zinazosuguana, ndoo baada ya ndoo, siku nzima. Kiberiti alikuwa ameyasikia hayo mara nyingi, lakini Shangazi aliyasema tena polepole, kama mtu anayejihakikishia mwenyewe.

"Ndiyo maana huwa siziweki za aina moja. Ya ndani nailoni, ya nje asetali. Zote plastiki, zote nyeupe, lakini zikikutana zinateleza. Plastiki ikisuguana na ya aina yake inashikana, inapata joto, inamenyeka, mwisho inakuwa unga kama huu." Akaviinua vipande vyote viwili juani. "Hizi ni za aina moja. Ni asetali kwa asetali. Yule mzee wa dukani ameniuzia asetali akaniambia ni nailoni."

Akazifunga bushi kwenye kitambaa, akakaza fundo. Kiberiti alimjua shangazi yake. Huyu hakuwa mtu wa kupiga kelele, na ndiyo sababu hasira yake ilitisha.

Lakini si hasira ya Shangazi iliyomtisha Kiberiti wakati ule. Kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amelifikiria kwa wiki tatu na nusu, na sasa lilikuwa limesimama mbele yake kama mdai.

Kule karakana, fimbo za plastiki zilipangwa kwenye rafu moja ndefu. Kwa kuwa zote zilikuwa nyeupe, Shangazi alipaka ncha moja ya kila fimbo: nyekundu kwa asetali, buluu kwa nailoni. Sheria ya karakana ilikuwa moja tu. Kata upande usio na rangi. Ncha yenye rangi haiguswi mpaka fimbo iishe.

Siku ile, Shangazi alimwagiza akate visahani sita vya kuweka chini ya miguu ya meza ya jirani. Plastiki yoyote ingefaa. Lakini ilikuwa siku ya mechi ya mpira wa pete dhidi ya darasa la saba, na timu ilikuwa imeshaanza kupasha misuli. Kiberiti alivuta fimbo ya kwanza aliyoigusa, akaibana kwenye jiliwa jinsi ilivyokuja mkononi, akakata. Akapiga msasa visahani vyote mpaka vikang'aa. Aliporudisha fimbo kwenye rafu ndipo alipoona kwamba ncha zote mbili ni nyeupe. Alikuwa amekata upande wenye rangi, na rangi yenyewe ameifuta kwa msasa.

Akajaribu kukumbuka. Nyekundu au buluu? Akaikwaruza fimbo kwa ukucha, akainusa, akaigonga mezani. Haikusema kitu. Shangazi alikuwa kwa jirani akipima meza, hatua thelathini tu kutoka pale. Kwenda kumwuliza kungekuwa na maneno, na maneno yangechukua muda, na mpira ulikuwa unakaribia kurushwa. Kiberiti akachukua brashi, akachagua buluu, akapaka, akakimbia. Walishinda ile mechi. Yeye ndiye aliyefunga bao la mwisho.

Sasa, kando ya pampu iliyofunguliwa, aliokota nati na kumpa Shangazi, na jambo la rangi akabaki nalo.

* * *

Shule ilipotoka, Shangazi alikuwa akimsubiri getini. Wakaenda moja kwa moja kwenye duka la vifaa. Lilikuwa duka jembamba, lenye mikanda ya mashine iliyotundikwa darini na beringi zilizopangwa kwa ukubwa, kuanzia zile za kidole mpaka zile za sahani. Nyuma ya meza alikaa mzee mwenye nywele za kijivu, anayeheshimika na mafundi wote wa mtaa. Kiberiti alimwamkia, "Shikamoo," kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia. Mzee akaitikia marahaba, akamtania kwamba leo kiberiti kimelowa.

Shangazi hakutania. Akamwaga zile bushi juu ya meza mbele ya wateja watatu, akasema hajawahi kufikiri kwamba mtu wa umri ule angeuza kitu kimoja kwa jina la kingine. Mzee akavaa miwani, akavigeuza vile vipande, akasema kwa upole kwamba fimbo anazouza hufika na maandishi ya kiwandani, na yeye huwapa mafundi zikiwa na maandishi yake. Shangazi akasema maandishi hufutika. Mzee akasema basi na uaminifu wake wa miaka thelathini nao ufutike kwa siku moja? Sauti zikapanda. Shangazi akatamka neno "tapeli".

Mteja mmoja akarudisha beringi aliyokuwa ameshika, akatoka nje bila kuaga.

"Binti," mzee alisema, akizisukuma bushi zirudi kwa Shangazi, "toka dukani kwangu. Fimbo nilizokuuzia nazijua. Ulichofanya nazo huko kwako ndicho nisichokijua."

Kiberiti alikuwa ameegemea mlango. Alikuwa na hasira na kila kitu: na mzee kwa kusema kweli, na Shangazi kwa kutosikiliza, na mpira wa pete, na mtu aliyebuni plastiki nyeupe. Alikuwa na hasira hata na jua. Hasira hizo zote alizifukuza huku na huku kama kuku, na kila moja ilizunguka ikarudi kukaa kwake.

Wakatoka. Walipofika kwenye kivuko cha barabara walimkuta Twiga anavuka, ndoo moja kila mkono, shati limelowa mpaka kiunoni. Alimwona Kiberiti. Alisimama tu katikati ya kivuko, akamkazia macho, mpaka dereva mmoja alipompigia honi.

Shangazi aliuliza mbona yule mtoto anabeba maji saa kama ile.

"Ni adhabu," Kiberiti alisema.

"Adhabu ya nini?"

"Ya kuvunja pampu."

Shangazi akasimama. "Si nimekwambia pampu haijavunjwa na mtu? Nani aliyesema ameivunja?"

"Mimi."

"Na nilipokwambia hakuivunja, ulienda kumwambia Mwalimu?"

Kiberiti akatikisa kichwa. Shangazi akamvuta pembeni, watu wakiwapita kulia na kushoto. Halafu akauliza swali la mwisho kwa sauti ya chini kabisa. Alitaka kujua kwa nini.

Basi ikatoka yote, pale kando ya barabara, bila mpangilio. Visahani vya meza, jiliwa, msasa, ncha mbili nyeupe, brashi. Aliposema "nikabahatisha", machozi yakamtangulia, lakini yalikuwa machozi ya hasira zaidi kuliko ya huzuni. Akaanza kusema pole.

"Usiniambie pole," Shangazi alisema. "Pole yako niifanyie nini hapa? Nimemwita mzee wa watu tapeli mbele ya wateja wake. Mtoto wa mwenzangu anabeba ndoo kama punda. Na wewe umesimama mlangoni unanitazama nikijiaibisha."

Akaondoka kwa hatua ndefu. Kiberiti ilibidi akimbie ili asiachwe.

* * *

Walipofika karakana Shangazi hakukaa. Aliteremsha fimbo zote kutoka kwenye rafu, kumi na moja, akazilaza mezani. Akasema leo rangi zote ni uongo mpaka zithibitishwe. Akamwagiza Kiberiti ajaze bakuli maji na kuongeza chumvi, akoroge, aongeze tena, mpaka chumvi ikatae kuyeyuka na kubaki chini.

"Kwenye maji ya kawaida zote mbili zinazama," alieleza, bado bila kumtazama. "Kwenye maji ya chumvi nyingi, nailoni inaelea. Asetali ni nzito, inazama. Kata kijipande kwenye kila fimbo. Kiloweshe kwanza na ukipanguse, kisibebwe na viputo vya hewa."

Kiberiti akafanya. Fimbo ya kwanza, yenye ncha nyekundu, kipande kikazama. Ya pili, nyekundu, kikazama. Ya tatu, buluu, kikaelea. Aliendelea hivyo, na kila kipande kilitii rangi yake, mpaka ya nane. Ilikuwa buluu, na buluu yake ilikuwa nzito, imepakwa haraka, ina tone lililotiririka pembeni. Kipande kikaenda chini taratibu, kikalala juu ya chumvi.

Kiberiti alikitazama kile kipande kidogo, kidogo kuliko ukucha wake, akafikiria kwamba kingeweza kuwa hapa mezani wiki tatu na nusu zilizopita. Dakika tano tu. Chumvi ilikuwa jikoni siku zote.

Shangazi akavuta kigoda, hatimaye akakaa. Akavua kitambaa cha kichwani, akakikunja, akakikunjua.

"Sasa nisikilize, maana na mimi nina langu," alisema. "Nailoni ukiikereza inatoa uzi mrefu, unajizungusha kwenye kisu mpaka unakera. Asetali inatoa vipande vifupi, vikavu. Siku niliyokereza bushi ya ndani ya ile pampu, vilitoka vifupi. Niliviona. Nikajiambia, leo kisu kimenoleka vizuri. Nilikuwa na haraka, nikaamini rangi kuliko macho yangu. Halafu nikaenda kumtukana mtu mwingine."

Akakitupa kitambaa kwenye kona, kwa nguvu kuliko kitambaa kilivyostahili.

Kiberiti akauliza, kwa sauti ndogo, kwa nini basi wasitumie ile fimbo ya kijivu ya kwenye kabati, ambayo Shangazi mwenyewe husema ni ngumu kuliko zote. Bushi zingedumu zaidi. Shangazi akasema ile imechanganywa na kioo kilichosagwa. Kweli haichakai upesi, lakini inamkwaruza mwenzake kama msasa. Kuchagua ngumu peke yake hakusaidii, alisema. Unachagua mbili zinazoweza kuishi pamoja.

Jua likiwa bado juu ya mapaa, Shangazi akawasha mashine. Safari hii nailoni ilitoa uzi mrefu mweupe uliojaa sakafuni. Akapima mara tatu, akaacha nafasi nyembamba kama unywele kati ya bushi na bushi, kwa sababu nailoni hunywa maji na kuvimba kidogo. Kiberiti alishika taa na kufagia. Hakuruhusiwa kugusa kingine, naye hakuomba.

* * *

Asubuhi yake darasa la sita lilikuta pampu imezungukwa. Mwalimu Mkuu alikuwepo na miwani yake machoni. Shangazi alikuwa ameshapachika bushi mpya na anakaza nati ya mwisho. Twiga alikuwa amefika kutoka ng'ambo ya barabara na ndoo za asubuhi.

Kiberiti alikuwa ameyapanga maneno yake usiku mzima. Yalipotoka, yalitoka chini chini, yakielekea kwenye viatu vyake. Alisema Twiga hakuvunja pampu. Alisema kosa lilikuwa lake. Alitaja fimbo na rangi, na neno "kubahatisha" alilimeza nusu.

Twiga akaziweka ndoo chini. Uso wake ulikuwa umekaza, na kila mtu aliona maneno yakimkwama kooni kama kawaida. Safari hii hakuna aliyemsemea, wakamsubiri.

"Jana ulisema kwa sauti," alisema mwishowe. "Mpaka darasa la kwanza walisikia. Leo unanong'ona. Sema kama ulivyosema jana."

Wengine wakaguna. Kiberiti akamtazama Shangazi, akitarajia kuokolewa. Shangazi aliendelea kufuta mikono yake kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja.

Basi Kiberiti akainua uso, akasema kwa sauti ile ya jana, sauti iliyojaza madirisha vichwa. Akasema alikata fimbo upande usiotakiwa, akapoteza alama, akaogopa kuuliza, akapaka rangi ya uongo. Akasema alimsingizia mwenzake, na hata alipojua ukweli alinyamaza siku nzima huku mwenzake anabeba maji. Mwanzoni sauti yake ilikuwa na ghadhabu, kama mtu anayelazimishwa. Katikati ghadhabu ikakatika, ikabaki sauti tu.

Twiga akaokota ndoo zake. "Bado nimekasirika," alisema.

"Najua," Kiberiti akajibu.

Mwalimu Mkuu hakuwa amefurahi hata kidogo. Alisema alimhukumu mtoto kwa sababu mwingine alijua kusema zaidi, na kosa hilo ni la kwake mwenyewe, na mbele ya wote akamwomba Twiga samahani. Kisha akamwuliza Shangazi, bila kupamba, kwa nini asitafute fundi mwingine. Shangazi akajibu kwamba mtoto ndiye aliyepaka ile rangi, lakini yeye fundi aliona kwa macho yake kwamba plastiki si ile aliyoikusudia na akapitiliza. Kosa ni la karakana, hakuna wa kumsukumia. Aliomba mwezi mmoja. Baada ya mwezi angeifungua pampu Mwalimu akiwa amesimama palepale. Akikuta unga, ampe kazi mtu mwingine.

Mwalimu Mkuu akafikiri, akakubali huo mwezi mmoja na si siku zaidi.

Mchana ule walikwenda dukani kwa mzee. Aliwaona wakiingia, akaendelea kuhudumia wateja, mmoja baada ya mwingine, mpaka alipokwisha wa mwisho. Walisimama muda wote huo. Shangazi akamweleza habari ya rangi na ya maji ya chumvi, akaomba radhi kwa kulitaja neno lilelile alilomwita, ili lisibaki hewani. Mzee akasema amesikia. Hakusema amesamehe. Lakini walipofika mlangoni aliwaita, akamwuliza Kiberiti kama ile chumvi ilikuwa laini au ya mawe, maana ya mawe huchelewa kuyeyuka.

Mwezi ukapita. Kila siku Kiberiti alisukuma ule mpini mara moja kabla ya foleni, akisikiliza. Siku ilipofika, Shangazi alivuta pini, akaweka bushi mbili kwenye kiganja cha Mwalimu Mkuu. Zilikuwa laini kama yai lililomenywa. Mwalimu akapitisha kidole ndani na nje, akakitazama, kikiwa safi. Akaandika majina ya walimu wakuu wa zile shule tatu kwenye karatasi, akampa Shangazi, akarudi darasani bila hotuba.

Kiberiti akataka kuruka kwa furaha, lakini akamwona Shangazi amekaa juu ya zege, sanduku la spana magotini, akimwonyesha kwa mkono akae naye.

"Watu watakwambia upunguze hasira," Shangazi alisema. "Mimi sikwambii hivyo. Mtu asiyekasirika kitu kikiharibika hawezi kuwa fundi. Lakini wewe na mimi, siku ile, tulikasirika kabla ya kujua. Ukikasirika, anza kwa kujiuliza wewe mwenyewe umefanya nini, kisha ndipo uwatazame wengine. Na usipojua jambo, sema sijui. Neno hilo linauma mara moja tu. Ukibahatisha ukajifanya unajua, uchungu wake unabebwa na watu ambao hata hawakuwepo."

Kiberiti akaitikia. Kisha akauliza kama zile shule tatu zitaambiwa habari ya rangi.

"Zitaambiwa," Shangazi alisema, akiinuka na kujipangusa vumbi. "Kila moja, kabla sijafungua hata nati moja. Utawaeleza wewe. Haya, beba sanduku, mwanangu, tunaanza na iliyo karibu."